Kuketi Bila Maneno: Mwongozo Kamili wa Kujiunga na Kikundi cha Zen Kinachoketi Nje, Tanga

Tanga tunajua kukaa. Pita Ngamiani baada ya alasiri, barabara yoyote kati ya zile zinazoitwa kwa namba, utakuta watu barazani: wazee kwenye bao, kina mama na ukili mkononi, vijana wamemzunguka muuza kahawa. Hakuna aliyefundishwa kukaa hivyo. Ninachotaka kukuelekeza hapa ni kukaa kwa namna nyingine: watu kumi au kumi na watano, chini ya mti karibu na bahari, kunapopambazuka, hakuna anayesema neno kwa zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyemnunia mwenzake.

Nimekuwa nikiketi na kikundi cha namna hiyo kwa miaka minne. Mimi ni fundi cherehani, na mito mingi tunayokalia nimeishona mwenyewe. Nimepokea wageni wengi. Wengine walikuja mara moja hawakurudi, na mara nyingi kilichowafukuza hakikuwa Zen. Kilikuwa goti lililoachwa likaning'inia, mbu, suruali iliyobana, mama nyumbani aliyeingiwa na wasiwasi, au kuja wakidhani wataambiwa la kuwaza. Hayo yote yanazuilika ukiyajua mapema.

Jua unachokwenda kufanya

Neno Zen ni la Kijapani. Limetokana na *chan* la Kichina, nalo limetokana na *dhyana* la Kisanskriti, yaani kutulia kwa akili. Kitendo chenyewe huitwa zazen, na hiyo "za" maana yake ni kuketi. Nalipenda neno hilo kwa kuwa halina makuu.

Hapa kwetu wengi husema "kutafakari", na neno hilo lilinichelewesha miezi. Kutafakari ni kulichukua jambo ukaligeuzageuza: deni, ada ya mtoto, neno alilosema wifi. Nami nilikuwa naketi natafakari kwelikweli, nikiinuka kichwa kimejaa kuliko nilivyokuja nacho. Katika zazen hupewi la kuwaza. Unaketi, unapumua, wazo likija unaliona limekuja, hulifukuzi wala hulifuati. Ndiyo maana katika kikundi chetu tunasema tu "tunaketi".

Dogen, mtawa wa Kijapani aliyeishi kati ya 1200 na 1253 na kuanzisha madhehebu ya Soto kule Japani, aliporudi kutoka China mwaka 1227 aliandika maelekezo mafupi ya kuketi. Sehemu kubwa yake ni mambo ya mwili: tandika mkeka mzito, weka mto juu yake, legeza nguo na mkanda, masikio yawe sawa na mabega, pua iwe sawa na kitovu, ulimi uguse kaakaa, macho yawe wazi. Alisema pia kwamba chumba kimya ndicho kinachofaa. Sisi tunaketi nje kwa sababu chumba kimya hatuna, na nyumba zetu zina watu. Wala si jambo geni, maana Buddha mwenyewe husimuliwa kuwa aliketi chini ya mti.

Sasa swali la dini, ambalo kila mgeni analo hata asipoliuliza. Zen ni tawi la dini ya Buddha, na asikudanganye mtu kwamba haina asili hiyo. Ila vikundi vinatofautiana. Viko vinavyoimba maandiko na kuinama mbele ya sanamu, na viko vinavyoketi tu. Chetu huketi tu; hakuna sanamu, hakuna wimbo, na Waislamu wengi kati yetu hutoka msikitini kwenye swala ya alfajiri wakaja moja kwa moja. Yuko padri Mjesuiti wa Kijerumani, Hugo Enomiya-Lassalle (1898–1990), aliyeishi Japani miaka mingi, akajifunza zazen, akawafundisha Wakristo wenzake, na akabaki padri. Mimi sitoi fatwa. Ninachosema ni hiki: uliza kabla ya kwenda, uambiwe wazi kikao kina nini ndani yake, kisha kama moyo una shaka, mwulize shehe au padri wako, sio jirani.

Na waambie nyumbani. Mtu akianza kutoka alfajiri kila Jumamosi kwenda kukaa kimya na watu wasiojulikana, maneno hayakawii, na neno "Frimasoni" litatajwa. Njia bora niliyoiona ni kumwalika mwenye wasiwasi aje atazame. Mama yake mwenzetu mmoja alikuja, akakaa pembeni kwenye kiti na tasbihi yake hadi mwisho, akasema, "Kumbe mnapumzika." Hakuuliza tena.

Kukipata kikundi

Usitegemee kibao barabarani. Waulize walimu wa karate na judo, kwa kuwa wengi wao hufungua na kufunga mazoezi kwa kuketi kimya na huwajua wanaoendelea na kuketi nje ya mazoezi. Waulize wanaofundisha yoga, na wageni wanaofanya kazi za kujitolea mjini. Ukipata namba ya simu, piga, usitume ujumbe tu. Sauti ya mtu hukueleza mengi.

Uliza mambo haya: mnakutana siku gani na saa ngapi, mnaketi kwa muda gani bila kuinuka, kuna kuimba au kusujudu, kuna mito au nije na wangu, mvua ikinyesha mnakwenda wapi, na mchango ni kiasi gani. Hilo la mwisho usilionee haya. Kuketi hakuna gharama. Mchango wa chai na wa kununulia mikeka ni halali, tena ni adabu kuutoa. Lakini ukiambiwa kuna ada kubwa ya kiingilio, au ngazi za siri zinazolipiwa, au kiongozi anataka kukutana na wanawake peke yao nyumbani kwake, acha. Vilevile akikuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari kwa kuwa kuketi kutakuponya, ondoka siku hiyohiyo. Mtu mwenye msiba mzito sana, au anayesikia sauti, au aliyewahi kuumwa akili, azungumze na daktari kwanza. Ukimya mrefu unaweza kumwelemea.

Na kama kikundi hakipo karibu nawe? Watu watatu wanatosha kuanza. Kabla ya mara ya kwanza mwoneni mwenyekiti wa mtaa, mweleze kwa maneno mepesi kwamba mtakuwa mnakaa kimya mahali fulani, saa fulani. Watu walioketi kwa duara bila kusema alfajiri huwatia hofu wapita njia, na mwenyekiti akiulizwa awe na jibu. Kwenye bustani ya umma, kama ile ya Jamhuri inayotazama ghuba na Kisiwa cha Toten, ombeni ruhusa kwa wanaoisimamia.

Kuchagua mahali ni kazi yenye macho. Mkungu una kivuli kipana na ardhi yake ni tambarare. Mvinje una sauti nzuri ya upepo, ila vijitunda vyake vinachoma magoti, mfagie kwanza. Chini ya mnazi msikae kamwe, hata kama unaonekana hauna nazi. Pwani, tazameni mstari wa mwani uliobaki mchangani, mkae juu zaidi ya mstari huo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda kuliko mlivyozoea, na saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo Jumamosi hii si kama iliyopita. Kuna wanaopendekeza mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni kwa uzuri wake. Mimi nakataa. Amboni watu huenda na matambiko yao, na Tongoni ni makaburi na msikiti. Hapo ni mahali pa wenyewe, na sisi tuna miti ya kutosha.

Mto, na kwa nini nausisitizia

Hapa mniwie radhi, nitakawia, maana ndiyo kazi yangu.

Mto wa zazen huitwa zafu. Ni wa duara, mnene, na ule wa asili hujazwa sufi. Ndiyo, sufi hii hii ya misufi yetu, waliyolalia bibi zetu. Siku nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini. Sponji inabonyea ikarudi juu, ukikaa inakuyumbisha. Sufi inashuka kidogo halafu inashika umbo lako na kutulia.

Kuushona si kazi ngumu. Tafuta kaniki, au kitambaa kingine cha pamba kilicho kizito. Kata duara mbili za upana wa sentimita 31, na utepe wa urefu wa sentimita 160 na upana wa sentimita 20. Kwenye utepe kunja marinda 15, kila rinda likila sentimita 4, yote yaelekee upande mmoja. Utabaki na sentimita 100. Ukiacha sentimita moja na nusu ya mshono, duara lako linahitaji 88 tu, na hizo 12 zinazozidi ndizo mfuko: ncha moja ya utepe ipite juu ya nyingine bila kushonwa kwa pamoja, pawe na mdomo wa kuingizia sufi. Usiufunge mdomo huo kwa uzi. Sufi hushikana na kusinyaa baada ya miezi, utataka kuitoa, uianike juani, uichambue na kuongeza.

Jaza kilo moja hadi moja na nusu. Shindilia kwa ngumi hadi mto ukatae. Wageni wote hujaza kidogo mno, wakiuona mto mgumu wanadhani umekosewa. Mto sahihi, ukishaukalia, unabaki na kimo cha kiganja kilichosimama. Kama sufi ni ghali, usumba wa nazi unafaa, ila ni mgumu zaidi na unatoboa kitambaa. Weka tabaka mbili.

Chini ya mto lazima pawe na kitu cha kulaza magoti na vifundo vya miguu. Wajapani hutumia godoro dogo la mraba. Sisi tunatumia blanketi lililokunjwa mara nne juu ya mkeka wa ukindu. Mkeka peke yake haupunguzi kitu. Mgeni wa mara ya kwanza asinunue chochote. Aje na blanketi na mto mgumu wa kulalia aukunje mara mbili, akiona amependa ndipo ashone.

Wiki moja kabla

Keti nyumbani dakika kumi kila siku, saa ileile utakayoketi na kikundi. Lengo si kuwa hodari, ni kuujulisha mwili. Siku ya tatu au ya nne utajua ni goti gani linalalamika, na utakuja kwenye kikundi ukiwa na jambo mahususi la kuuliza.

Nguo ziwe pana, zisizobana nyuma ya goti. Jinzi hapana. Dera lenye suruali nyepesi ndani linafaa sana, na kikoi juu ya bukta kinafaa kwa wanaume. Rangi za kupoa, mabega na magoti yafunikwe: ni heshima ya mahali na pia ni kinga ya mbu. Usijipulizie manukato makali, mwenzako anapumua kwa pua kwa saa nzima jirani yako. Jioni ya Ijumaa kula kiasi, na alfajiri kunywa maji kidogo tu.

Asubuhi yenyewe

Vikundi vingi vitachagua Jumamosi, kwa kuwa haiigusi swala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili. Wenzetu Wasabato kwao siku hiyo ni ya ibada, na mmoja wetu ilibidi tumpangie siku nyingine ya kuketi na watu wawili. Sisi tunaanza saa 12:15 asubuhi, tunamaliza kabla ya saa 1:30. Baada ya hapo jua la Tanga halikubali mtu atulie.

Fika saa 12 kamili, nikimaanisha hivyo. Dakika kumi na tano hizo ni za salamu. Ukimya wa Zen haukuondolei wajibu wa "shikamoo". Wazee waliopo waamkie mmoja mmoja, uliza habari za nyumbani, jibu za kwako, jitambulishe. Mwenye kuja dakika ya mwisho akajitupa kwenye mto wake bila kusalimu ameshavuruga utulivu wa watu, hata kama hakutoa sauti. Wanawake wanaotoka mbali waje wawili wawili, kwa baiskeli au bajaji, maana kiza bado kipo. Simu zizimwe kabisa, si kuwekwa kimya, na mikoba yote iwekwe katikati ya duara. Ukichelewa na kengele imeshagongwa, usiingie. Subiri kwa mbali hadi wakati wa kutembea, ndipo ujiunge.

Mwili

Wa Soto kwa desturi hutazama ukuta, wa Rinzai, madhehebu mengine ya Zen, hutazamana. Nje hakuna ukuta, kwa hiyo sisi huketi kwa duara tukitazama nje, migongo ndani. Anayeelekea mashariki jua litampata usoni; mgeni asipewe nafasi hiyo.

Kalia theluthi ya mbele ya mto, si katikati. Ukiukalia wote, nyonga zinarudi nyuma na mgongo unapinda kama upinde. Kisha miguu. Iko mikao kadhaa, na hakuna wenye daraja kuliko mwingine:

Wa kwanza ni kulaza miguu yote miwili chini, kisigino kimoja mbele ya kingine, hakuna mguu juu ya mguu. Wengi wetu tunakaa hivi. Wa pili ni kupandisha mguu mmoja juu ya paja la pili, na wa tatu ni kupandisha yote miwili. Huo wa tatu usiujaribu kwa sababu umeuona pichani. Goti halikuumbwa kuzunguka, kinachozunguka ni nyonga, na nyonga ikigoma goti ndilo linalolipa. Wa nne ni kupiga magoti ukiwa umeweka mto kati ya visigino. Hapa Waislamu wana bahati: ni karibu sana na mkao wa tahiyatu, na vifundo vyao tayari vinaujua. Shangazi mmoja wa miaka sitini na ushee aliketi hivi siku yake ya kwanza bila kutikisika, huku kijana wa mpira pembeni yake akihema. Wa tano ni kiti. Ukitumia kiti cha plastiki kwenye mchanga, weka ubao chini ya miguu yake, la sivyo kitadidimia upande mmoja. Usiegemee.

Mkao wowote wa chini una kanuni moja: matako na magoti mawili ni mafiga matatu, na sufuria haikai kwenye mawili. Goti likiwa hewani, inua mto au sukuma blanketi lililokunjwa chini yake hadi lipate pa kutua. Usilisubiri lishuke lenyewe.

Sasa yumba kushoto na kulia, kwanza sana, kisha kidogo kidogo, kama mashua inayotulia baada ya wimbi, hadi upate katikati. Nyoosha shingo kama aliyejitwika ndoo ya maji kichwani. Kina mama hawahitaji maelezo zaidi ya hapo. Kidevu kiingie ndani kidogo. Mabega yaache yaanguke.

Mikono: kiganja cha kulia mapajani kikitazama juu, cha kushoto juu yake, vidole gumba vigusane kwa wepesi kama vimeshika karatasi isianguke. Wageni huniuliza kwa nini wa kushoto uwe juu. Ndivyo mkao ulivyopokelewa, hakuna dharau ndani yake. Vidole gumba ni kipimo kizuri: vikianguka umesinzia, vikisukumana umekaza.

Macho yasifumbwe. Yateremshe nusu, yatue ardhini mita moja hivi mbele yako, bila kukodoa. Ukifumba, utalala au utaota.

Pumzi

Pumua kwa puani. Mara mbili tatu za mwanzo vuta kwa kina, kisha iache pumzi iende inavyotaka. Hesabu kila inapotoka: moja, mbili, hadi kumi, urudi moja. Ukijikuta umefika kumi na saba, au uko Makorora unadaiana na mtu, rudi moja bila kujikaripia. Hilo ndilo zoezi lote. Miezi ya kwanza sikuwahi kufika kumi mara mbili mfululizo, na kiongozi wetu aliniambia kurudi moja ndiko kuketi kwenyewe, sio kufika kumi. Walioketi muda mrefu huacha kuhesabu, wakabaki na kuketi tupu. Wewe hesabu.

Maumivu yatakuja. Yatofautishe. Uzito na moto wa misuli unaweza kukaa nao dakika chache ukauona unavyobadilika. Mchomo mkali ndani ya goti ni onyo. Inama kidogo, badili mguu polepole, rudi. Hakuna atakayekulaumu. Mguu ukifa ganzi, usisimame ghafla. Niliwahi kusimama hivyo, kifundo kikapinduka, nikachechemea wiki tatu. Unyooshe kwanza, ukande, usubiri damu irudi, hata kama wengine wameshaanza kutembea.

Kengele na kutembea

Kengele ikigongwa mara tatu, kuketi kumeanza, na kuanzia hapo hakuna kujikuna wala kusogea bila lazima. Sisi huketi dakika 25. Mahekaluni Japani kipindi kilipimwa kwa muda wa kuungua kijiti kimoja cha ubani, dakika 40 hivi. Ikigongwa mara mbili, tunainuka kwa kutembea, kinachoitwa kinhin. Mkono wa kushoto funga ngumi kifuani, wa kulia uufunike. Tembea kwa mstari kuuzunguka mti, kwa mwendo wa saa, nusu hatua kwa kila pumzi. Ni polepole kuliko unavyodhani. Vaa kandambili, kwani mchanga wa mjini una vigae. Dakika kumi baadaye kengele moja, mnarudi kuketi dakika 25 nyingine. Kengele moja ya mwisho hufunga.

Bahari, kunguru na mbu

Nje hakuna anayekuahidi ukimya. Wavuvi wanarudi wanaitana, kunguru wanagombana, bodaboda inapita, mtu anasimama hatua tano kutoka kwako anauliza kwa sauti, "Hawa wamekufa?" Usijibu, mmoja wetu aliyepangwa siku hiyo huinuka akamwendea na kumweleza. Hakuna sauti iliyo adui. Unaisikia ikija, unaisikia ikiisha, unarudi kwenye hesabu. Siku za kusi, upepo unapokuja na nguvu kutoka kusini, mkae upande wa pili wa mti na mjifunike kanga mabegani. Kaskazi ni rafiki zaidi ila joto lake huanza mapema, nasi siku hizo huanza saa 12 kamili.

Mbu wanahitaji maandalizi, si ushujaa. Walinzi wa ukimya wengine husema uache akuume. Mimi sisemi hivyo katika mji wenye malaria, na mwaka 2019 dengue ilipozuka Dar es Salaam na hapa Tanga tuliona mbu wa mchana anavyoweza kumlaza mtu. Paka dawa ya kufukuza mbu kabla ya salamu, vaa mikono mirefu na soksi. Chunguza ardhi kabla ya kutandika: njia ya siafu haionekani hadi uwe umeikalia.

Masika, Machi hadi Mei, tunahamia kibarazani kwa mwenzetu. Mvua ikianza katikati ya kikao, kiongozi hugonga kengele moja na kila mtu anabeba mto wake kwanza. Sufi ikilowa hunuka wiki nzima.

Baada ya hapo

Tunakunja mikeka pamoja, kisha kahawa na kashata, au chai ya tangawizi na mihogo. Mwezi wa Ramadhani tunaketi vilevile, chai hakuna kwa yeyote, hata asiyefunga. Huu ndio wakati wa maswali. Uliza ya mwili: goti, shingo, usingizi. Usishindane kusimulia umeona nini ukiwa umeketi, na usimpime mwenzako.

Mara ya kwanza ina ugeni, ya pili ina uchungu wa miguu, ya tatu ina uvivu. Kwa hiyo jipe Jumamosi nne kabla hujaamua kama kikundi kinakufaa. Mara ya tano omba kazi. Anza na kufagia chini ya mti, kisha kupanga mikeka, kisha kuwa yule anayeinuka kuwaeleza wapita njia, ambayo ni kazi nzito kuliko inavyoonekana kwa kuwa lazima useme kwa upole na ukarudi kuketi bila kubeba maneno yao.

Mwisho utapewa kengele. Yetu ni bakuli dogo la shaba na kijiti kilichozungushiwa kitambaa. Lishike juu ya kiganja kilichofunguliwa, usilikamate kwa vidole, maana litakufa sauti. Gonga ukingo wake kutoka chini kwenda juu, mara moja, na usigonge mara ya pili hadi mlio wa kwanza uwe umeisha kabisa na umebaki na bahari peke yake.